Joto la Maji: Turubai Lililokwenda Msibani

Jumatano, Juni 18, 2025. Asubuhi hiyo Sumbawanga iliamka na baridi ya kung'ata masikio. Mbingu ilikuwa nyeupe bila wingu, upepo ulikuwa unashuka kutoka upande wa milima ya Mbizi, na umande juu ya nyasi za mtaa wa Izia ulikuwa karibu kuganda.

Coleta alikuwa bado amepiga magoti palepale ukingoni mwa bwawa. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Alikuja alfajiri kuangalia maji, kama alivyofanya kila siku kwa wiki tatu. Akakuta maji yako uchi. Turubai lote la bluu halipo, hata kipande. Na juu ya maji mvuke ulikuwa unapanda, mweupe, taratibu, kama uji uliofunuliwa.

Huo mvuke haukuwa mapambo. Ulikuwa joto linaondoka. Jua la wiki tatu lilikuwa linapaa mbele ya macho yake, na hakuwa na mkono wa kulirudisha.

Alivuta kamba iliyofunga kipimajoto kwenye ngazi ya bwawa. Jana jioni kilisoma nyuzi ishirini na saba. Sasa kilisoma ishirini na nne.

Akakirudisha majini. Akakivuta tena, kana kwamba mara ya pili kingemwonea huruma.

Ishirini na nne.

Kama wewe ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, jua hivi. Coleta ni mjane anayetunza nyumba ya bwana Wilibrodi, mkandarasi anayeishi Dar es Salaam na kuja Sumbawanga mara moja kwa mwaka. Bwana huyo alijenga bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, dogo tu, mita tano kwa tatu, maji ya kufika kifuani mwa mtoto. Alilijenga kwa fahari, akaliacha kwa vyura, maana ni nani mwenye akili zake ataogelea Sumbawanga mwezi wa sita?

Coleta ana mtoto mmoja, Anjela, mwenye miaka kumi na miwili. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha hai lakini ikailaza miguu yake. Katika nchi kavu miguu ile haimbebi. Katika maji ya vuguvugu inaamka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mmoja mpole aitwaye Christopha, ndiye aliyeligundua hilo, na ndiye aliyemsihi bwana Wilibrodi kwa simu mpaka akakubali bwawa litumike, na akatuma kwa basi lile turubai.

Turubai lenyewe lilikuwa la ajabu. Plastiki ya bluu, nyepesi, yenye mapovu upande mmoja kama ile wanayofungia televisheni mpya. Unalitandika juu ya maji, mapovu yakitazama chini. Mchana jua linapita ndani yake na kuingia majini. Usiku joto linataka kutoka na kukuta mlango umefungwa. Hakuna moto, hakuna umeme. Ni jua la Mungu na plastiki.

Na kesho, Alhamisi, saa nne asubuhi, daktari wa watoto kutoka Mbeya angefika kwenye bwawa hilo. Angemweka Anjela majini na kuhesabu. Mtoto akisimama mwenyewe hadi kumi, anachukuliwa Mbeya kwa matibabu ya miezi sita. Asiposimama, nafasi inakwenda kwa mwingine. Na maji yakiwa chini ya nyuzi ishirini na sita, daktari hamwingizi mtoto kabisa, maana baridi inaibana misuli yake kama waya.

Jana Anjela alifika tisa.

Coleta alinyanyuka. Magoti yalikuwa yameloa. Alifuata ukuta mpaka kwenye geti, na hapo akaziona alama za magurudumu: mistari miwili ya mkokoteni, imeingia na kutoka. Kufuli halikuvunjwa. Geti lilifunguliwa kwa ufunguo.

Funguo za geti zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa shingoni mwake, pamoja na rozari. Wa pili alikuwa nao Nyanda, mlinzi wa usiku.

Alikwenda kwenye kibanda cha mlinzi. Blanketi lilikuwepo. Rungu lilikuwepo. Nyanda hakuwepo.

Alisimama pale akilitazama rungu. Nyanda alikuwa Msukuma, baba yake alihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wengi. Ng'ombe waliisha, mtoto akawa mlinzi. Mwaka mzima hakuwahi kuchukua hata yai. Lakini magurudumu hayakuwa na ubishi.

"Mama," Anjela aliita kutoka dirishani. "Maji yamelalaje?"

Ndivyo alivyouliza kila asubuhi. Kwao maji yalikuwa kama mtu wa tatu ndani ya nyumba.

Coleta alijibu kwamba yamelala vizuri. Ulimi wake ulipata uchungu wa uongo huo, akamwomba Mungu amsamehe kabla hajafika jikoni.

Alimpigia Christopha. Alimweleza haraka, akilia bila sauti, na akamwuliza kama daktari anaweza kuja Ijumaa badala ya Alhamisi, au Jumamosi, hata jioni. Christopha aliifungua ratiba ya daktari. Kisha akasema daktari ana siku moja tu Sumbawanga, Alhamisi mchana anaondoka kwenda Mpanda, na orodha ya Mbeya inafungwa siku hiyohiyo.

"Mama Anjela," alimaliza, "tafuta kitu cha kufunika hayo maji sasa hivi. Kila saa ni hasara."

Akatafuta.

Alileta mifuko mitupu ya mbolea, akaitandaza; upepo ukaisukuma pembeni yote ikawa lundo moja. Alileta kanga zake tano. Zikalowa, zikazama kama majani. Alileta blanketi la kitandani kwake, lile zito, akalishusha kwa uangalifu kama anayefunika mtoto. Lilielea kwa pumzi tatu. Kisha likanywa maji, likajikunja, likaenda chini polepole. Akabaki ameshika ncha moja, analivuta peke yake, maji ya baridi yakimwingia kifuani.

Kipimajoto: ishirini na tatu na nusu.

Hapo Coleta alikaa chini kwenye saruji. Hakusali sala ndefu. Alisema tu, "Bwana, nimefika mwisho wa mikono yangu. Chukua wewe."

Geti likalia.

Nyanda aliingia akikokota baiskeli yake, macho mekundu, majivu kwenye viatu. Alimwona Coleta amelowa, akaliona blanketi, akayaona maji yako wazi. Akaweka baiskeli chini bila kuiegemeza.

"Turubai liko wapi, Nyanda?"

Hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisema yeye ndiye aliyelitoa. Usiku wa manane, kabla jogoo hajawika, vijana wawili walikuja na mkokoteni kutoka mtaa wa Majengo. Kuna msiba, walisema, watu wamejaa uani, upepo unawakata, na kila nyumba inatoa turubai. Walikuwa wamekwisha kukusanya mawili na hayakutosha. Nyanda akawafungulia. Wakalivuta turubai kutoka majini, wakalikung'uta, wakalikunja. Yeye mwenyewe akafuata kusaidia kufunga kamba na kuchanja kuni.

"Msiba ukibisha, mimi natoa," alisema. "Ndivyo nilivyolelewa, dada. Hata wewe ungetoa."

"Turubai lile, Nyanda? Lile?"

"Uliniambia ni la kuzuia majani yasianguke majini." Alimtazama usoni. "Niliwaza, mwezi wa sita majani yote yamekwisha kuanguka. Bwawa litavumilia siku mbili."

Coleta alifumba macho.

Ni kweli. Ndivyo alivyomwambia. Wiki ile ya kwanza Nyanda alipouliza, Coleta aliona aibu kumweleza mtu mzima, mchunga ng'ombe, kwamba plastiki yenye mapovu inapasha maji moto. Aliogopa kuchekwa. Akasema majani. Neno dogo la kukwepa kicheko, na leo neno hilo lilikuwa limebeba turubai kwa mkokoteni mpaka Majengo.

Basi hata hasira ilimkimbia. Alibaki na swali moja tu, na aliliuliza huku akijua atajilaumu kwa kuchelewa kuliuliza.

"Nani amefariki?"

Nyanda alivua kofia. Aliigeuza mikononi mara mbili.

"Nilidhani umeshaambiwa," alisema. "Walisema nisikuamshe, kwamba shemeji yako atakuletea habari mwenyewe. Ni Bibi Kristiana."

Msomaji, Bibi Kristiana alikuwa mama mkwe wa Coleta. Mama wa Clemens, marehemu mumewe. Bibi wa Anjela.

Coleta hakupiga ukelele. Aliweka kiganja kwenye saruji kana kwamba nyumba nzima ilikuwa inainama.

Miaka miwili hakuwa amekanyaga uani kwa shemeji yake Leonsi kule Majengo. Clemens alipozikwa, Leonsi, kaka mkubwa, alitaka Anjela apelekwe kijijini Mwazye kwa shangazi yake, akakae huko, atunzwe. Mtoto ni wa ukoo, alisema, na miguu hiyo haina safari tena. Coleta alikataa. Maneno yakawa makali, milango ikafungwa.

Lakini Bibi Kristiana hakufunga wa kwake. Kila Ijumaa alimwambia Leonsi anakwenda sala ya jumuiya, akapita njia ya nyuma mpaka Izia, na togwa ya ulezi kwenye chupa ya chai. Alikaa ukingoni mwa bwawa, miguu yake mikavu ndani ya maji, akimhesabia mjukuu wake kwa Kifipa. Ijumaa iliyopita alihesabu hadi nane, akacheka mpaka akakohoa.

"Maji haya," alisema siku hiyo, "yana joto la mwili wa mtu."

Sasa yeye alikuwa amelala baridi Majengo, na turubai lililotunza joto lile lilikuwa limefunika waombolezaji wake.

Utalidaije? Utaingiaje uani kwa mama mkwe wako aliyekufa, mbele ya watu wanaolia, ukasema nimefuata turubai langu? Mwanamke anayefungua kamba za msiba kabla ya maziko, jina lake litasemwa mpaka kwa wajukuu.

Na asipolidai?

Alimwendea Anjela. Alipiga magoti mbele ya kiti chake cha plastiki akamwambia yote, bila kuficha: bibi amefariki, turubai limekwenda, maji hayakulala vizuri. Mtoto alilia kwa muda, uso ndani ya shingo ya mama yake. Halafu akajifuta kwa mkono wa sweta.

"Nipeleke kwa Bibi," alisema.

"Baridi ni kali, mwanangu. Misuli yako..."

"Nipeleke kwa Bibi, mama."

Nyanda alifunga mto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamwinua Anjela kama anavyoinua ndama, akamkalisha. Yeye akaisukuma baiskeli, Coleta akamshika mtoto mgongoni. Wakashuka hivyo kutoka Izia hadi Majengo, upepo ukiwapiga ubavuni, watu madukani wakiwapisha maana kanga ya Coleta ilikuwa imefungwa kiunoni kimsiba.

Njia nzima Coleta alisali rozari kwa vidole. Kila Salamu Maria ilimtoka pamoja na namba. Ishirini na tatu na nusu. Ishirini na tatu.

Waliona bluu kabla hawajaona nyumba.

Uani kwa Leonsi kulikuwa kimya, na wote waliokuwa pale walikuwa na nyuso za bluu. Jua lilikuwa limepanda, likipita katika turubai na kuwamwagia watu rangi ile ya ajabu, wazee, benchi, mabakuli ya uji. Wanaume watatu karibu na moto walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini. Mmoja alisema turubai hili limetoka kwa wakulima wa nyanya. Wa pili akamwuliza tangu lini nyanya zinafunikwa blanketi lenye vipele. Wa tatu, mzee aliyekuwa amelala usingizi mzito mpaka dakika hiyo, alisema bila kufumbua macho kwamba liwe la nyanya au la vitunguu, yeye hajawahi kuota jua msibani kwa raha namna hii, na wanyamaze.

Coleta alikuwa bado anatazama juu.

Turubai lilikuwa limekatwa.

Lilikatwa katikati kwa kisu, kipande kimoja kimefungwa upande wa wanaume, kingine upande wa wanawake, kama desturi inavyotaka, kila upande na kivuli chake. Kamba zilikuwa zimepitishwa kwenye matundu mapya pembezoni. Mapovu ya pale mkato ulipopita yalikuwa yamepasuka.

Coleta alipiga hatua kuelekea kwenye kamba. Nyanda alimshika kiwiko.

Lakini kilio kilikuwa na haki yake kwanza. Coleta aliingia ndani, akauona mwili, akapiga magoti, akalia kilio chote alichokuwa akidaiwa na asubuhi ile. Nyanda alimbeba Anjela akamweka kando ya mkeka. Mtoto alishika mkono wa bibi yake.

"Baridi," alisema.

Wakati Coleta anatoka nje, akijifuta macho, Leonsi alikuwa amesimama mlangoni. Mtu mrefu, ndevu hazikunyolewa, koti la Clemens, marehemu mdogo wake, mabegani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Alitazama kanga yake iliyolowa, viatu vyenye matope. "Miaka miwili. Nilijua kitakachokuleta si mama."

"Hukuniambia. Nimesikia kwa mlinzi."

Leonsi alilikaza koti mabegani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alidhani Coleta hatakuja, na hakutaka watu waone kiti chake kitupu. Coleta aliona kwamba macho ya mtu huyo yalikuwa yamevimba, kwamba hakuwa amelala, kwamba alikuwa mtoto aliyefiwa na mama. Kwa dakika moja wangeweza kulia pamoja.

Dakika hiyo ilipita. Coleta alisema alichokuja kusema. Aliongea chini, haraka, akieleza daktari, nyuzi ishirini na sita, kesho saa nne. Aliomba turubai, hata hivyo lilivyo, vipande viwili vinaweza kuelea kando kwa kando. Aliahidi kutafuta mengine mahali pa hilo, mawili, matatu, ya msibani yenyewe.

Leonsi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu yetu anatoka Kirando kwa gari la samaki," alisema. "Hatuziki mpaka kesho jioni. Unataka niwafunulie watu paa la mama yangu, ili mtoto akaogelee?"

Hakupaza sauti. Lakini uani kulikuwa kimya, na neno lile lilifika kila benchi. Akaogelee. Mwanamke mmoja aliguna. Mwanaume karibu na moto alitema mate kwenye majivu. Coleta alihisi uso wake unawaka katikati ya upepo, na akajua kwamba akifungua kinywa tena atalia, na akilia amekwisha.

Ndipo sauti ikatoka upande wa wanawake.

"Si kuogelea, Leonsi."

Alikuwa Bibi Mariana, mdogo wa marehemu Kristiana, mwanamke mwembamba aliyekaa mwanzo wa mkeka, mahali pa mkubwa wa wafiwa. Hakusimama. Hakuhitaji.

Alisema dada yake alimficha mambo mengi, lakini hili hakumficha. Alisema Ijumaa zile za jumuiya hazikuwa za jumuiya. Wanawake wawili waligeuka kutazamana. Alisema Kristiana alikuja kwake wiki iliyopita, jioni, akakataa kukaa, akakataa chai, akasema neno moja tu mlangoni: mjukuu wangu amesimama hadi nane.

"Mama yangu alikuwa mzee," Leonsi alisema. "Aliona alichotaka kuona."

"Alihesabu kwa kinywa chake," Anjela alisema kutoka mlangoni. Nyanda alikuwa amemtoa nje, amembeba. "Na jana nilifika tisa. Bibi hakuwepo."

Mwanamke aliyekuwa ameguna aliinamisha kichwa.

Bibi Mariana aliangalia juu, kwenye bluu iliyokuwa inamwangaza. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akashika bega la jirani yake akanyanyuka.

Alisema upande wa wanawake ni wake mpaka dada yake aingie kaburini, hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu enzi ya mama yao, na hakuna mwanaume anayeamua wanawake wanalilia chini ya nini. Akasema wao walilala nje msibani miaka ile ambayo turubai halikujulikana, na hakuna aliyekufa kwa upepo. Akajitanda kanga kichwani.

"Fungueni," alisema.

Walinyanyuka mmoja mmoja. Hakuna aliyeharakisha. Walizifungua kamba kwa kucha na meno, wakakishusha kipande cha bluu, na mara upepo wa Mbizi ukaingia ukawapiga wote kwa pamoja. Rangi ya nyuso zao ilibadilika, wakawa tena wanawake wa kawaida, weusi, wazee, wenye baridi. Walikaa chini tena. Walisogeleana. Mmoja alianza wimbo.

Upande wa pili wanaume walibaki katika bluu yao, wakitazama chini.

Coleta alipokea kipande mikononi. Kilikuwa na joto. Naapa kwenu kilikuwa na joto, la jua na la pumzi za wanawake. Alikumbatia plastiki ile kifuani kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Nusu tu. Nusu ya bwawa itafunikwa, nusu itakaa wazi usiku mzima, na usiku wa Juni katika Ufipa hauna huruma. Lakini nusu si sifuri. Akageuka kwenda.

Leonsi alikuwa amesimama kwenye njia ya kutokea uani.

Mkono wake ulikuwa kwenye nguzo. Hakuwa na hasira sasa, na hilo lilimtisha Coleta zaidi.

"Mama mdogo ameamua upande wake," alisema. "Sitabishana naye mbele ya maiti. Lakini hiki kitu kilifungwa kwenye paa langu, na wanawake wa ukoo wangu wanapigwa na upepo kwa ajili yako. Kinatoka kwa neno."

"Neno gani, shemeji?"

Aliwageukia watu. Alimwita katekista Teodori, aliyekuwa ameshika kitabu cha sala karibu na mlango, aje asikie. Alisema miaka miwili ameambiwa kesho, kesho kutwa, mwezi ujao, mtoto atasimama. Mdogo wake alikufa akiambiwa hivyo. Mama yake amekufa akiambiwa hivyo. Sasa daktari ametaja siku na saa, basi na iwe siku na saa. Mtoto akisimama hadi kumi, yeye Leonsi atanyamaza maisha yake yote, na atamsindikiza Mbeya mwenyewe. Asiposimama, mambo ya maji yamekwisha. Anakwenda Mwazye kwa shangazi yake, na Coleta hamfuati.

"Sema hapa," alisema. "Wasikie."

Coleta aliangalia turubai mikononi mwake. Nusu. Maji nyuzi ishirini na tatu, labda sasa pungufu. Misuli ya mtoto imepigwa na upepo njia nzima. Hajafika kumi hata siku moja, hata siku ile maji yalipokuwa ishirini na saba na bibi yake yupo hai akihesabu. Kila saa aliyosimama pale akibishana, mvuke ulikuwa unapanda Izia bila mtu wa kuuzuia.

Angeweza kuweka turubai chini. Angeweza kurudi nyumbani mikono mitupu na mtoto wake. Aliinama kuliweka, joto lake likamgusa mikono, akanyooka tena.

Nyanda alisogea, Anjela mgongoni mwake. Mtoto alinyoosha mkono akagusa nywele za mama yake.

"Sema, mama," alisema. "Mimi nitasimama."

Wimbo wa wanawake ulikuwa umekatika. Wanaume walikuwa wamesimama kutoka kwenye mabenchi. Katekista Teodori alifunga kitabu, kidole chake kikibaki ndani ya ukurasa.

Coleta aliishika rozari na ufunguo shingoni mwake, vyote viwili katika ngumi moja. Alisema polepole, kila mtu akasikia, mpaka jirani aliyekuwa nje ya ukuta:

"Mimi Coleta, mjane wa Clemens, nasema mbele ya mwili wa mama yangu Kristiana, mbele ya katekista, na mbele yenu wote. Kesho saa nne, Anjela asiposimama majini hadi kumi, nitamleta hapa uani kwa mikono yangu mwenyewe, nitamkabidhi kwa shemeji yangu, na sitamfuata Mwazye."